Kiswahili cha Darasa Letu

Nilipomwambia baba kwamba nimepewa kazi katika shule ya msingi karibu na Kedowa, aliuliza swali moja tu: "Huko wanaongea nini?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilizaliwa na kukulia upande wa Sigor, ambako mtu angeweza kusoma, kuolewa, kuzaa na kuzeeka bila kuhitaji lugha nyingine isipokuwa Kipsigis. Kiswahili kwetu kilikuwa cha redio, na cha naibu wa chifu anaposoma barua iliyotoka Bomet. Nikamjibu baba kwamba Kedowa ni Kericho, na Kericho ni kwetu. Akatabasamu. Ujanani alikuwa amepeleka ng'ombe wa mnada hadi Londiani, kwa hiyo alijua kitu ambacho mimi sikukijua.

"Huko kuna watu wa kila aina," alisema. "Chunga ulimi wako."

Sikuelewa kama ananionya kuhusu maneno yangu au matamshi yangu. Baadaye niliona kwamba yote mawili yalihitaji kuchungwa.

Niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikiwa nimebeba chati nilizochora nyumbani. Ng'ombe, mti, jua, nyumba ya nyasi, kila picha na jina lake la Kipsigis chini kwa wino mwekundu. Mwalimu mkuu alikuwa Mkipsigis wa palepale, mrefu na mpole, na alikuwa amevaa sweta mbili kwa sababu baridi ya Kedowa haina mchezo. Alizitazama chati zangu bila haraka, akazisifu, kisha akazikunja na kunirudishia.

"Utachukua darasa la kwanza," alisema. "Lakini hizi weka kwanza. Hapa tunaanza na Kiswahili."

"Nilidhani darasa la kwanza mpaka la tatu ni lugha ya nyumbani."

"Ni lugha ya eneo, mwalimu. Na eneo letu lina nyumba nyingi."

Nilielewa nilipofungua mlango wa darasa. Karibu nusu ya watoto walikuwa Wakikuyu, ambao babu zao walinunua mashamba huko baada ya wazungu kuondoka. Wengine walikuwa Wakipsigis, na katikati yao Wakisii na Waluhya wachache ambao baba zao walifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Waliketi watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili, viwiko vikigongana, sweta za kijani zikinuka moshi wa kuni. Huwezi kujua nani ni nani kwa kuwatazama. Ungejua tu wakifungua midomo.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Watoto," nikasema, "leo tutafungua kitapu."

Halafu msichana mdogo wa dawati la mbele, mwenye pengo mahali pa meno ya juu, akainua mkono. "Mwarimu, si kitapu. Ni kitabu."

Upande mwingine wa darasa ukaangua kicheko. Hawakunicheka mimi, walimcheka yeye. "Mwarimu! Amesema mwarimu!" Yule msichana akageuka akiwa amekasirika, akataka kujua kosa lake liko wapi, na alipoambiwa aseme tena, akasema tena vilevile. Nikacheka hadi nikashika ubao. Watoto wakaona mwalimu anacheka, wakacheka wote.

Ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi tulikuwa na mazoezi ya ulimi. Sisi Wakipsigis tulisema baba, bata, bibi, darasa, dada. Wakikuyu walisema lala, lima, kalamu, lori. Waluhya na Wakisii walijifanya waamuzi, na walikuwa wakali sana. Nilifanya mazoezi pamoja na watoto bila aibu, na kabla ya mwaka kwisha Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kuliko kilivyonyooka chuoni.

Yule msichana wa pengo alikuwa mtoto wa mwisho wa mwenye nyumba wangu. Mama yake alikuwa mjane, mwenye duka pale senta, kwenye kituo cha maduka, na nyuma ya duka kulikuwa na vyumba viwili vya mbao alivyokodisha kwa walimu. Aliletwa huko na mumewe kutoka Murang'a akiwa bado msichana, na alizungumza Kipsigis vizuri hata wazee walisahau kwamba hakuzaliwa nacho. Alikuwa ananiuzia sukari kwa Kiswahili, anamkaripia mtoto kwa Kikuyu, anamtania mleta maziwa kwa Kipsigis, yote bila kupumua. Jioni alinipitishia chai kwenye dirisha la nyuma. "Kunywa, mwalimu wangu," angesema, "hii baridi itakurudisha Sigor."

Kisha siasa za vyama vingi zikaja, kila kabila na chama chake, na mazungumzo ya dukani yakabadilika. Watu walinunua kiberiti wakaondoka bila kuketi kwenye benchi. Nilianza kusikia neno "wageni" likitumiwa kwa watu walioniona mimi nikifika mgeni. Watoto hubeba maneno ya wazazi kama wanavyobeba chawa, bila kujua. Siku moja wakati wa mapumziko nilimsikia mvulana mmoja akimwuliza yule msichana, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa: "Nyinyi mtarudi kwenu lini?"

"Kwetu ni pale dukani," akamjibu, akaendelea kuruka kamba.

Haikuchukua muda tukaona moshi ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza watu walisema ni mtu anachoma shamba. Siku ya pili watu walianza kufunga mizigo. Jumamosi, jua likiwa katikati, lori lililozoea kubeba viazi vya mama wa duka kwenda Nakuru lilikuja na kusimama mbele ya duka, na badala ya magunia likapakiwa magodoro, sufuria na kuku waliofungwa miguu. Familia zingine za senta zilikuwa zinapakia pia. Nilichosikia ni vyuma na mbao za lori vikigongana tu.

Mama alinivuta nyuma ya duka, akanipa ufunguo.

"Wewe usihame," alisema. "Ukihama, hii nyumba haitakuwako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na ukiogopa sana, uhame. Nyumba ni mbao tu."

Binti yake alikuwa amevaa sare ya shule, ingawa ilikuwa Jumamosi. Sweta ya shule ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote alizonazo. Alipandishwa juu ya godoro, akanitazama chini na kuuliza, "Mwarimu, Jumatatu nitakuja?"

Nikamwambia atakuja.

Kesho yake mchana vijana walipita senta. Wengine niliwajua kwa sura, wengine walitoka mbali. Nilikuwa uani nikifua nguo, na kelele zilipokaribia nikatoka mbele nikiwa na karai mikononi, mapovu hadi kwenye viwiko. Mmoja aliyeshika mkebe wa mafuta ya taa aliuliza kwa Kipsigis hii ni nyumba ya nani. Kabla sijajibu, mwingine, ambaye mdogo wake alikuwa darasani kwangu, akasema, "Hapa anakaa mwalimu." Wakanitazama, wakalitazama karai langu, wakapita. Watu wamewahi kuniambia nilikuwa jasiri. Nilikuwa nafua tu. Walipotoweka nikaketi kwenye ngazi ya duka mpaka maji ya karai yakapoa kabisa.

Duka halikuchomwa. Maduka mengine mawili ya upande ule yalichomwa.

Jumatatu niliingia darasani nikakuta nafasi. Hilo ndilo neno ninaloweza kutumia. Watoto waliobaki walikuwa wameshaanza kujitandaza, wawili wawili kwenye dawati, wengine mtu mmoja peke yake ameweka mguu juu kama mfalme. Walifurahia. Sikuwalaumu, mtoto aliyebanwa akipata nafasi hufurahi. Ilikuwa karibu Jumatano ndipo mmoja alipouliza, "Mwalimu, wale wengine wamehama?" Nikasema wameenda kwa jamaa zao. Akauliza nani sasa atarusha kamba upande wa pili.

Wiki zilizofuata nafasi zilianza kujaa tena, lakini kwa watoto wengine. Walikuwa Wakipsigis waliokimbia kutoka ng'ambo, upande ambako wao ndio waliokuwa wachache. Walikuja bila sare, wengine na viatu vya mama zao. Kulikuwa na mama mmoja aliyeniletea binti yake akiwa amemshika mkono kwa nguvu hata vidole vya mtoto vilikuwa vimepauka. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, ghala la mahindi pia. Mtoto hakusema neno kwa siku nyingi. Alipokuja kusema, alisema kwa Kipsigis, sauti ya chini, kwamba anataka kwenda haja.

Kabla ya muhula kwisha shule yetu ilikuwa shule ya kabila moja. Wale Waluhya na Wakisii pia walikuwa wameondoka, kwa sababu kiwanda cha mbao kilifungwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Zile chati zako za kwanza," aliuliza, "bado unazo?"

Nilikuwa nazo. Nikazibandika ukutani. Tukaanza kusoma kwa Kipsigis, na nitasema ukweli kwamba kazi ikawa rahisi. Watoto walielewa mara moja. Hadithi nilizosimuliwa na nyanya yangu Sigor niliwasimulia kwa maneno yaleyale, nao walizijua hadi walinimalizia sentensi. Waliotoka ng'ambo walitulia haraka. Yule mtoto aliyenyamaza akaanza kucheka. Lakini Kiswahili kikawa somo la nusu saa tu, baada ya chakula cha mchana, wakati wote wanasinzia. Nikisema kitabu, darasa lote lilijibu "kitapu" kwa sauti moja nzuri, na hapakuwa na mtu wa kubisha. Nilisahihisha mara ya kwanza, mara ya pili. Baada ya muda hata mimi ulimi wangu ukaanza kurudi ulikotoka.

Darasa langu lilipopanda, niliomba nipande nalo. Ndiyo maana walipofika la tatu nilikuwa bado mwalimu wao, na bado nilikuwa naishi nyuma ya duka lililofungwa.

Mama wa duka alirudi mara ya kwanza siku ya soko, asubuhi, akiwa amejifunga leso usoni kama mwenye maumivu ya jino. Nilimtambua kwa mwendo. Alisimama ng'ambo ya barabara akitazama paa la duka lake, mabati yote yakiwepo, na hakuvuka mpaka nilipokwenda kumshika mkono.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Hata mlango haujavunjwa."

Nikamfungulia. Panya walikuwa wamekula unga na kona za magunia, na mvua ilikuwa imeingia upande mmoja, basi. Alipapasa kaunta kwa kiganja chake. Kisha akavua ile leso ya usoni na kuuliza kama bado ninakunywa chai isiyo na sukari ya kutosha. Mleta maziwa alipita na baiskeli, akamwona, akashuka. Mzee yule akaegemeza baiskeli, akasema kwa Kipsigis, "Umekonda." Mama akamjibu kwa Kipsigis, "Na wewe maziwa yako bado yana maji?" Mzee akacheka, akapima lita moja, akaondoka bila kungoja malipo.

Mama alikuwa amekaa Elburgon kwa dada yake muda wote ule. Binti yake alikuwa amesoma kidogo, chini ya turubai kwenye uwanja wa kanisa, halafu hakusoma tena. "Nikimrudisha hapa shuleni," aliniuliza, "watamfanya nini?"

"Nitakuwa naye mimi," nikasema.

Alisema familia zingine za senta zinamngoja yeye. Kama mtoto wake atasoma muhula mmoja bila shida, nao watarudisha watoto wao. Kama sivyo, watauza mashamba.

Siku ya kwanza msichana aliingia darasani akiwa mrefu, meno yote yameota, sweta ya kijani mpya iliyozidi mikono. Wenzake wa zamani walimjua mara moja, lakini hakuna aliyejua afanye nini. Wale waliotoka ng'ambo walitazamana. Nilimweka dawati la mbele pamoja na yule binti aliyewahi kunyamaza, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na sikutaka ionekane kwamba nimechagua. Nikaanza somo la hesabu kwa Kipsigis kama kawaida.

Alikuwa anajua Kipsigis cha kucheza kamba, si cha kugawanya. Na hata hicho cha kamba hakutaka kukitoa mdomoni. Aliketi amenyooka, macho kwenye ubao, hashiki neno. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Siku ya tatu niliandika ubaoni swali, nikalisoma kwa Kipsigis, kisha bila kupanga nikalisoma tena kwa Kiswahili. Akainua mkono kabla sijamaliza.

Tangu hapo nikawa nafundisha kwa lugha mbili, na baada ya wiki chache kwa Kiswahili zaidi. Darasa lilinung'unika. Hawakuwa wamekizoea tena. Mvulana mmoja alisema wazi, "Mwalimu, kwa sababu ya mtu mmoja tu?" Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya kengele ya jioni. Juma lililofuata mwalimu mkuu aliniambia kwamba wazazi wanataka mkutano.

"Wamekasirika?" nikauliza.

"Sijui. Wengine." Alikuwa anazungusha kalamu. "Mwalimu, sikukukataza, na sitasema nilikukataza. Lakini jiandae kujibu."

Sikulala vizuri siku zile. Mama wa duka naye hakufungua magunia mapya aliyoleta kutoka Nakuru. Yaliketi tu sakafuni yamefungwa, tayari kwenda au kukaa.

Mkutano ulikuwa Ijumaa, kwenye nyasi mbele ya madarasa. Wanaume kwenye madawati yaliyotolewa nje, kina mama wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Mama wa duka aliketi mwisho kabisa, karibu na ua wa kayaba wenye miiba, na pembeni yake palikuwa wazi pande zote. Mwenyekiti wa wazazi alifungua kwa maombi, kisha mzee mmoja mwenye shamba la chai upande wa chini akasimama. Hakupiga kelele. Alisema watoto walikuwa wanaendelea vizuri kwa lugha yao, sasa wamerudishwa nyuma, na angependa kujua nani aliamua. Watu kadhaa walisema "ndiyo." Nikasimama nikajibu kwamba ni mimi, na sababu yangu ni kwamba nina mtoto darasani ambaye haelewi.

"Mtoto mmoja," akasema mzee.

"Mmoja, mzee wangu."

Minong'ono ikaanza. Ndipo akasimama yule mama aliyetoka ng'ambo, yule aliyeniletea binti amemshika vidole vikapauka. Kila mtu pale alijua alichopoteza, na nani alimfanyia. Niliona mama wa duka akiinamisha kichwa.

"Mimi nataka kuuliza," alisema yule mama. Aliongea Kiswahili, Kiswahili chenye matuta, mbele ya watu ambao wote walijua Kipsigis. "Kule nilitoka, mtoto wangu mkubwa alisoma na watoto wa Wakikuyu. Alikuwa anajua Kiswahili kama redio. Huyu mdogo amesoma hapa miaka mbili. Juzi tumeenda Kericho, nimemwambia aende aulize bei ya viatu. Amesimama mbele ya mwenye duka kama ng'ombe. Ameshindwa! Akarudi akaniambia, mama, wewe uliza." Watu wakaanza kutabasamu. "Sasa mimi sikumleta shule afundishwe Kipsigis. Hiyo niko nayo nyumbani, nampatia bure."

Mtu alicheka. Halafu akacheka mwingine.

"Na mtihani wa darasa la nane," aliendelea, sasa amepata nguvu, "italetwa na Kipsigis? Mzee, wewe umewahi kuiona? Mimi nilichomewa nyumba. Sijasahau, na sitasahau. Lakini sitamchomea mtoto wangu shule kwa sababu ya hiyo. Mwalimu aendelee."

Akaketi, akafunika goti kwa leso. Yule mzee wa chai bado alikuwa amesimama. Alikuna kidevu, akasema, "Mjukuu wangu pia anasema kitapu," akaketi. Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Nadhani kila mtu alikuwa amekuja pale akiogopa kitu, na sasa alikuwa anakitoa.

Mwenyekiti, mtu mwenye busara yake ya kawaida tu, hakutaka kura. Aliuliza kama kuna mzazi mwingine ana neno. Macho yakaenda kwenye ua wa kayaba, polepole, kila mtu akijifanya hajatazama. Mama wa duka alisimama. Nilidhani atashukuru, au atalia, au ataomba msamaha kwa makosa ambayo hakufanya.

"Mimi ninauliza choo cha wasichana," alisema kwa Kipsigis safi. "Tulikubaliana kijengwe kabla sijaondoka. Nimerudi, shimo ni lilelile. Mnangoja mtoto aanguke?"

Kina mama wakapiga makofi. Mwenyekiti akajitetea, mbao hazikufika, fundi alitoroka, mvua ilinyesha, na mkutano wote ukageuka kuwa mkutano wa choo. Walibishana mpaka jua likapinda, kwa lugha mbili na nusu, wakamteua mama wa duka awe kwenye kamati ya ujenzi kwa sababu ndiye aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na nilihisi mabega yangu yakishuka, kidogo kidogo, kutoka mahali yalipokuwa yamekaa kwa majuma mengi bila mimi kujua. Watu walipokuwa wanatawanyika, yule mama wa ng'ambo na mama wa duka walipishana langoni. Hawakukumbatiana. Mmoja alimwuliza mwenzake kama ana mafuta ya kupikia ya kupima, naye akasema anayo, apitie.

Jioni hiyo niliona magunia yamefunguliwa.

Familia zilianza kurudi kabla ya muhula kwisha. Mmoja alileta watoto wawili, mwingine akaleta mjukuu kwanza kupima maji, halafu wote. Hawakurudi wote. Mashamba mengine yaliuzwa, na kuna watoto niliowafundisha mwaka wa kwanza ambao sijawahi kujua walikomea wapi. Nikiwa sokoni Nakuru bado huangalia sura za watu wazima nikitafuta pengo la meno lililokwisha kuota zamani. Lakini darasa lilikuwa darasa tena, watatu kwenye dawati, kelele tele. Yule msichana wa duka na yule wa ng'ambo waligombana karibu kila siku kuhusu nani amevuka mstari wa katikati wa dawati, na walikuwa wanagombana kwa Kiswahili. Nilipowatenganisha walikataa, wakalia, ikabidi niwarudishe.

Uchaguzi mwingine ulikuja Desemba, miaka michache baadaye. Nilikwenda Sigor kwa likizo, na redio ya baba haikuzimwa. Baba alijua ninasikiliza majina ya mahali palipochomwa, nikingoja kusikia letu. Halikutajwa. Hata hivyo niliporudi Januari nilipita dukani kwanza. Mama wa duka alikuwa amefungua, anauza madaftari na kalamu kwa foleni, hana hata muda wa kunisalimia vizuri. "Kuna chai nyuma," alisema, "jimiminie."

Asubuhi ya kufungua shule nilifika mapema, nikasimama langoni na mwalimu mkuu. Ukungu ulikuwa mzito, huoni barabara. Yeye pia alikuwa amekuja mapema kuliko kawaida. Tulizungumza kuhusu mbolea. Kisha tukasikia sauti kabla ya kuona watu: watoto wanapanda kilima, wanakimbizana, mtu anapiga kelele kwamba ameibiwa rula. Wakatokea kwenye ukungu kwa makundi, sweta za kijani, wa huku na wa kule wamechanganyika. Hatukuwahesabu. Mwalimu mkuu alikohoa, akafuta miwani yake kwa ncha ya sweta ya ndani, akasema ukungu wa mwaka huu ni mbaya sana kwa macho.

Nyuma ya kundi walikuja wa darasa la kwanza, darasa langu mwaka huo, wageni kabisa, wakiburutwa. Mmoja alikuwa anapiga mayowe na kujishika kwenye nguzo ya lango kwa mikono miwili. Mama yake alinikonyeza, akaniachia mkoba wa mtoto, akakimbia kujificha nyuma ya ua wa kayaba ili mtoto asimfuate. Nikambandua yule mtoto kwenye nguzo, kidole kimoja kimoja, nikampangusa kamasi, nikamwingiza darasani tuanze na Kiswahili.